Tope Masikioni mwa Muhanga

"Paukwa!" nikaita.

"Pakawa!" watoto wakaitika.

"Kisima?"

"Cha wote!"

"Kamba?"

"Ya zamu!"

"Kiu?"

"Haina zamu!"

Majibu hayo nilikuwa nimewafundisha wakati mahindi yakiiva motoni. Walikuwa wajukuu zangu watatu: Mkude, ambaye hupenda kubishana, Chausiku, dada yake, na Sikitu, mdogo wao, ambaye alikuwa bado anapuliza hindi lake. Niliwaambia kwamba katika hadithi hii wao ndio watakuwa mji, na kwamba kazi ya mji ni kujibu. Kisha nikaanza.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakiishi mjini na kugombania mambo ya mji kama watu, palikuwa na mji ulioitwa Kisima Kimoja. Uliitwa hivyo kwa sababu ulikuwa na kisima kimoja. Haukuwa na mto. Haukuwa na ziwa. Mvua ilinyesha mara moja kwa mwaka, na ikishanyesha ilikwenda zake.

Kabla ya kisima hicho kuchimbwa, ulikuja ukame. Wanyama wakachimba kwa kwato, wakashindwa. Wakachimba kwa pembe, wakashindwa. Ndipo akaja Muhanga.

"Muhanga ni nani?" akauliza Sikitu.

"Ni mnyama mwenye masikio ya punda, pua ya nguruwe, na kucha kama majembe. Hakuna anayechimba kama yeye."

Muhanga alichimba siku ya kwanza, akapata vumbi. Akachimba siku ya pili, akapata udongo mwekundu. Akachimba siku ya tatu, akapata tope jeusi, na chini ya tope jeusi akapata maji. Wanyama wakanywa. Waliokuwa wamelala wakainuka. Wakasema, "Muhanga, wewe uliyechimba, wewe ulinde. Keti barazani, utuamulie mambo ya mji." Walifanya haki. Nataka mlijue hilo kabla hatujaendelea: walifanya haki.

Lakini kisima kina tabia yake. Kila mwaka tope hujaa chini, na tope likijaa, maji huoza. Kwa hiyo iliwekwa desturi. Kila mwaka, kabla ya mkutano wa mji, Muhanga alishuka kisimani akazoa tope. Kisima kilikuwa chembamba na masikio yake yalikuwa marefu, hivyo alipanda akiwa na tope mpaka ncha za masikio. Alikwenda mkutanoni hivyo hivyo, bila kuoga. Mji ulitazama masikio, ukaona kazi imefanyika. Kisha yakaulizwa maswali mawili.

Nikawageukia watoto. "Ninyi ndio mji. Nani alichimba kisima?"

"Muhanga!"

"Nani atakilinda?"

"Muhanga!"

Huo ndio uliokuwa uchaguzi. Ulikwisha kabla mtu hajamaliza kumenya ndizi.

Muhanga akafa, akaja mwanawe. Mwanawe akafa, akaja mjukuu. Maswali yakabaki yale yale na majibu yale yale. Kufikia siku za hadithi hii, viti vyote saba vya baraza vilikuwa vya ukoo wa Muhanga. Mwenyekiti alikuwa Muhanga. Msimamizi wa kisima alikuwa Muhanga, mdogo wake mwenyekiti. Mnyama wa ukoo mwingine akitaka kiti, ilibidi kwanza akubali kuitwa Muhanga. Nungunungu alitaka. Akaapa mbele ya baraza, akaitwa Muhanga wa Miiba, akapewa kazi ya ukaguzi.

"Lakini ni nungunungu," akasema Mkude.

"Ni nungunungu."

"Na miiba yake wanaiona."

"Wanaiona. Wanamwamkia, 'Shikamoo, Muhanga wa Miiba.'"

Watoto wakacheka. Nikangoja wamalize, kisha nikawaambia sheria moja ya baraza hilo, kwa sababu bila hiyo hadithi haiendi. Sheria ilisema: Muhanga hamuulizi Muhanga swali mbele ya mji.

Basi, katika mji huo aliishi ndege aitwaye Hondohondo, pamoja na mkewe, Bi Hondo. Mdomo wa hondohondo ni mkubwa kama pembe, na nyumba yake si kama nyumba za ndege wengine. Mke huingia katika tundu la mti, na mume huziba mlango kwa tope. Huacha ufa mwembamba tu, wa kupitisha ncha ya mdomo. Mke hukaa humo gizani, hutaga, huatamia, na hatoki mpaka kinda aote manyoya. Siku zote hizo hali wala hanywi ila kile alicholetewa na mumewe. Hana njia nyingine.

"Na mume akisahau?" akauliza Chausiku.

"Hasahau."

Hondohondo wa mji huo walikuwa wakijenga kwa tope jeusi, lile lililozolewa chini ya kisima. Tope jeusi likikauka halipasuki. Kila mwaka Muhanga alilirundika kando ya kisima, na kila hondohondo alichukua kiasi chake. Mwaka huo rundo halikuwapo. Mwaka uliotangulia pia halikuwapo, na uliotangulia huo. Hondohondo akamwuliza msimamizi. Msimamizi akasema, "Limesombwa na mvua." Hondohondo akachukua udongo mwekundu wa juu, ule uliolowa kwa maji yanayomwagika ndoo ikipanda, akajengea huo. Alijua kwamba utapasuka. Lakini yai halingoji.

Bi Hondo akataga yai moja. Likaanguliwa, akatoka kinda mmoja. Siku chache baadaye akaongea kupitia ufa.

"Mume wangu, maji haya yananuka."

"Ni maji ya kisimani, mke wangu."

"Najua ni ya kisimani. Nakwambia yananuka. Tumbo linanisokota, na kinda amelala tu tangu asubuhi."

Hondohondo akaruka mpaka kisimani. Alimkuta msimamizi amejilaza ukingoni, kivulini. Kucha zake zilikuwa ndefu na zinang'aa kama vijiko ambavyo havijawahi kupakua chakula.

"Hodi, Bwana Msimamizi."

"Karibu, mwenye mdomo. Leo umeuleta wote, au mwingine umeuacha nyumbani?"

"Bwana, maji yananuka."

"Nani alichimba kisima?"

"Muhanga."

"Pua yangu na mdomo wako, kipi hunusa?"

"Pua yako."

"Basi mimi sijasikia harufu."

"Mke wangu anaumwa tumbo, Bwana."

"Tumbo ni la mkeo. Mimi nimekabidhiwa kisima, sikukabidhiwa matumbo. Kama hukuridhika, nenda kwa mkaguzi. Mji huu una utaratibu."

Hondohondo akarudi nyumbani. "Amesemaje?" mkewe akauliza. "Amesema niende kwa mkaguzi." "Basi nenda," akasema mkewe.

Siku ya pili Hondohondo akaenda kwa mkaguzi.

"Shikamoo, Muhanga wa Miiba."

"Marahaba. Sema, ndugu yangu."

"Maji yananuka."

"Haiwezekani. Kisima nimekikagua. Ni safi."

"Ulishuka lini?"

"Kushuka?" Nungunungu akajitazama mgongoni. "Kwa miiba hii? Ningekwama katikati kama mfupa kooni, na ninyi mngekosa hata hayo maji yanayonuka."

"Basi ulikikaguaje?"

"Nilimwuliza msimamizi kama amezoa tope. Akasema amezoa. Nikaandika: tope limezolewa."

"Ulimwuliza yeye mwenyewe?"

"Sasa nimwulize nani? Yeye ndiye mzoaji. Ndiye anayejua."

"Hiyo ni sawa na kumwuliza Sikitu kama ameosha miguu!" akasema Mkude.

"Nimeosha!" akasema Sikitu, akaificha chini ya kanga.

Nikaendelea. Hondohondo alipogeuka aende, Nungunungu akashusha sauti. "Usinione mbaya," akasema. "Nina watoto watano. Zamani nilikuwa nikipanga foleni tangu alfajiri, napata maji jua likiwa utosini. Sasa nakunywa kwenye mtungi wa baraza."

"Mtungi gani wa baraza?"

"Sikusema kitu," akasema Nungunungu, akaingia ndani.

Njiani Hondohondo akamkuta Chura amekaa chini ya jani, ngozi imemkauka.

"Chura, mbona uko barabarani?"

"Nimehama."

"Chura huhama kisima?"

"Nimezaliwa humo. Babu yangu kazaliwa humo. Miaka mitatu sasa hakuna mguu ulioshuka. Tope lilinifika kidevuni, nikasema kesho litanifika machoni. Nimepanda na ndoo."

"Utayasema hayo kwenye mkutano?"

"Mimi? Mnao msemo wenu kuhusu kelele zangu, na ng'ombe anaendelea kunywa. Nikisema, wataniambia ni mimi niliyekuwa nikiyachafua. Bwana Hondohondo, mji huu hausikii. Mji huu hutazama. Upelekee kitu cha kutazama."

Hondohondo akarudi nyumbani. "Amesemaje?" mkewe akauliza, na sauti yake ilikuwa imepungua. "Amesema kisima ni safi." "Basi nenda kwa mkubwa wao," akasema mkewe.

Siku ya tatu Hondohondo akaenda kwa mwenyekiti. Huyu hakumdhihaki. Alimpa kigoda, akamwuliza habari za nyumbani, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Pole sana," akasema. "Lakini jambo la kisima huzungumzwa kwenye mkutano wa mwaka. Zimebaki siku kumi na mbili."

"Mke wangu hana siku kumi na mbili."

Mwenyekiti akainuka. Kisha akamchukua mpaka nyuma ya nyumba. Palikuwa na mwamba, na kwenye mwamba palikuwa na tundu dogo lililodondosha maji, tone kwa tone, ndani ya mtungi uliofunikwa kwa jiwe. Akaondoa jiwe. Maji yalikuwa meupe, hayana harufu yoyote.

"Haya hayatoshi mji mzima," akasema mwenyekiti. "Yanatosha baraza. Mjumbe mmoja amefariki majuzi, kiti chake kiko wazi. Ukikubali kuitwa Muhanga wa Mabawa, utachota kibuyu kimoja kila siku. Kuanzia leo."

Hapo nikawauliza watoto, "Ninyi mngefanyaje?"

"Ningekataa," akasema Mkude.

"Mkewe je?" akasema Chausiku.

Mkude akaanza kufikiri. Hondohondo naye alifikiri, wala hakufikiri muda mrefu. Akaapa. Akaitwa Muhanga wa Mabawa. Akachota kibuyu, akaruka nacho nyumbani, akapitisha maji kwenye ufa, tone kwa tone.

"Maji mazuri," akasema mkewe. "Yametoka wapi?"

"Kwenye mtungi wa baraza."

"Tangu lini wanakupa?"

"Tangu leo. Nimekuwa Muhanga."

Bi Hondo akanywa tone jingine. Kisha akauliza, "Sasa nikuiteje?"

"Niite kama unavyoniita siku zote."

"Haya, mume wangu. Niongezee kidogo."

Akanywa siku ya kwanza. Akanywa siku ya pili. Akanywa siku ya tatu, lakini kidogo, na mengi akampa kinda. Siku ya nne Hondohondo alipogonga ukuta kwa mdomo, aliyejibu alikuwa kinda peke yake.

Watoto wakaacha kutafuna.

"Amekufa?" akauliza Chausiku.

"Amekufa."

"Lakini alipata maji safi."

"Aliyapata. Yalichelewa."

"Hondohondo alilia?"

"Hadithi haisemi kwamba alilia. Inasema alibomoa ukuta alioujenga. Akamtoa mkewe, akamzika. Kisha akaujenga ukuta tena, kwa sababu kinda alikuwa bado hajaota manyoya."

Nikasukuma kuni, moto ukakaa sawa. Kisha nikaendelea.

Akajenga kwa udongo mwekundu, na siku ya pili ukapasuka. Kupitia ufa huo nyoka angeweza kuingia. Akaziba, ukapasuka tena. Kinda ndiye aliyebaki, na kinda huyo alihitaji mambo mawili: ukuta usiopasuka, na maji ya kunywa. Hondohondo akamtafuta Chura.

"Nahitaji tope jeusi," akasema. "La chini kabisa. Hata kama ni kidogo."

Chura akamtazama, akaona uso wake. Akaingia kwenye ndoo, akashuka, akazama katika tope lile alilolikimbia, akapanda na donge moja. Hondohondo akaziba nyufa. Alipomaliza, ukuta ulikuwa wa rangi mbili: mwekundu, na mistari myeusi mahali nyufa zilipopita. Akautazama ukuta wake muda mrefu. Kisha akachukua tope jeusi lililobaki, akalifunga kwenye jani la mgomba.

Siku ya mkutano ikafika. Mji wote ukakusanyika kando ya kisima, na baraza likaketi kwenye benchi. Msimamizi akasimama mbele, masikio juu, na masikio yalikuwa na tope. Mji ukatazama, ukaona tope lipo, ukaridhika. Miaka mingi mji ulikuwa umezoea kutazama kama tope lipo. Haukuwa umezoea kutazama ni tope gani.

Hondohondo alikuwa amekaa mwisho wa benchi, na waliokuwa nyuma walimwona.

"Mtazameni Muhanga mpya! Kucha zako umezipeleka kunolewa?"

"Shikamoo, Muhanga wa Mabawa! Tuchimbie kisima kwa mdomo huo!"

Alisikia yote. Mwenyekiti akainua mkono, mji ukanyamaza.

"Nani alichimba kisima?"

"Muhanga!" wakajibu watoto wote watatu.

"Nani atakilinda?"

"Muhanga!" akajibu Sikitu peke yake. Mkude akampiga kiwiko.

"Mwache," nikasema. "Mji wote ulijibu kama Sikitu."

Hondohondo akasimama. "Mwenyekiti, nina swali kwa msimamizi."

"Muhanga hamuulizi Muhanga mbele ya mji," akasema mwenyekiti kwa upole. "Uliapa."

"Niliapa. Kwa hiyo narudisha jina. Narudisha na kibuyu nilichochotea kwenye mtungi. Mimi ni Hondohondo."

Mji ukageuka. "Mtungi? Mtungi gani? Nani ana mtungi?" Nungunungu akatazama chini.

Hondohondo hakungoja. Akashuka kutoka kwenye benchi, akafungua jani la mgomba, akaliweka donge juu ya jiwe ambapo wote wangeliona. "Hili Chura amelitoa chini ya kisima," akasema. "Swali langu ni hili: lililo masikioni mwako, Bwana Msimamizi, limetoka wapi?"

"Limetoka kisimani. Kila mtu ameliona."

"Basi inama, ulete sikio hapa, tuyaweke pamoja."

"Sikio langu ni la baraza," akasema msimamizi. "Siliweki chini hovyo."

"Liweke!" akapaza sauti Kanga mmoja kutoka nyuma, mama wa vifaranga wengi. "Tunaomba kulitazama tu, hatukusudii kulipika!"

Mji ukacheka, kisha mji ukaanza kusema, "Liweke! Liweke!" Msimamizi akainama. Sikio lilikuwa jekundu. Donge lilikuwa jeusi. Walio mbele wakaona, wakawaambia walio nyuma, na walio nyuma wakaja mbele kuona wenyewe.

"Tope jeusi likikauka," akasema msimamizi, "huwa jekundu."

"Babu yangu na baba yangu wameliona likikauka kila mwaka," akasema Chura. "Halijawahi."

"Ninao ukuta nyumbani," akasema Hondohondo. "Una sehemu nyekundu na sehemu nyeusi, na zote ni kavu. Atakaye aje autazame. Nyekundu niliijenga kwa udongo wa hapa ukingoni. Nyeusi nimeiweka baada ya mke wangu kufa."

Kanga akasema kwamba vifaranga wake wawili walikufa mwezi uliopita, na alidhani ni ugonjwa wa mdondo. Mbuzi akasema mtoto wake hainuki. Wakawa wengi. Kila mmoja alikuwa ameficha la kwake nyumbani, akidhani ni la kwake peke yake. Wakamgeukia Nungunungu. "Wewe uliandika limezolewa." Nungunungu akasema, "Niliandika nilichoambiwa."

Mwenyekiti akajaribu mara ya mwisho. Akauliza tena, kwa sauti kubwa, "Nani alichimba kisima?"

Mji ukamjibu, kwa sababu ilikuwa kweli: "Muhanga." Lakini alipouliza swali la pili, hakujibu mtu.

Walizoa tope siku tatu. Wenye mabega walivuta kamba, wadogo walishuka. Akina Muhanga nao walishuka. Kucha zao zilivunjika siku ya kwanza, na siku ya tatu zilikuwa zimeanza kufaa. Kisha mji ukakaa chini, ukabadilisha mambo. Kila mnyama angeweza kuketi barazani kwa jina lake mwenyewe. Mkaguzi asingekuwa wa ukoo wa anayemkagua. Mkaguzi angeshuka mwenyewe, na maji yasingechotwa mpaka tope lote limezolewa. Na swali lingeulizwa na yeyote, mbele ya wote. Mtungi ukaletwa uwanjani, ukawa wa wagonjwa. Hondohondo akachaguliwa kuwa msimamizi, kwa mwaka mmoja.

"Na Nungunungu wakamfukuza," akasema Mkude.

"Hapana. Aliomba kazi yake ya ukaguzi, wakamcheka, kisha wakampa. Hakuna mwingine aliyeitaka."

Mwaka ukapita. Siku ya mkutano ikafika tena. Hondohondo akasimama mbele, tope jeusi limemjaa mpaka kwenye mbawa. Mji ulipomwona, ukapiga kelele za furaha. Mmoja akaanza, na wengine wakadaka: "Nani alituokoa? Hondohondo! Nani atakilinda? Hondohondo!"

"Babu," akasema Mkude, "wameanza tena."

"Wameanza tena," nikasema.

Nungunungu akanyanyuka. Alikuwa amebadilika. Miiba yote ya mgongoni alikuwa ameinyoa, amebaki kama kiazi kilichomenywa.

"Nina neno," akasema.

"Kaa chini!" wakamwambia. "Mwandika alichoambiwa! Kwanza umevaa nini leo?"

"Nimenyoa ili nipite. Nimeshuka jana, na sikumwuliza mtu. Upande wa kaskazini, nyuma ya jiwe kubwa, kuna tope halikuzolewa. Linajaa kapu moja."

Mji ukamghadhibikia. "Kapu moja! Huna haya? Huyu amefiwa na mkewe kwa ajili ya kisima hiki!"

Hondohondo akangoja mpaka wakatulia. "Ni kweli nimefiwa," akasema. "Na ni kweli kapu moja lipo. Siku niliyoshuka kuzoa ilikuwa mwaka kamili tangu afe. Nilifika kwenye jiwe lile nikapanda juu, nikasema nitarudi. Sikurudi. Mkaguzi amesema sawasawa."

"Basi tumekusamehe!" akasema Kanga. "Twende tukanywe."

"Maji hayachotwi mpaka limalizike. Ndivyo tulivyokubaliana."

Akachukua kapu, akashuka. Jua lilikuwa kali. Mji ukapanga foleni, ukangoja. Kinda wake alikuwa ameshaota manyoya na mdomo wake umeanza kuwa mkubwa. Mnyama mmoja akamwambia apite mbele, kwa kuwa ni mtoto wa msimamizi. Kinda akasogea hatua moja, akatazama chini kisimani, akasikia baba yake akizoa. Akarudi kwenye nafasi yake, nyuma ya Mbuzi, akangoja na kiu yake pamoja na wengine.

Hadithi hii inafundisha hivi: aliyekuchimbia kisima mshukuru, na kila mwaka mtazame masikio, na aliyekuokoa jana, leo naye aulizwe. Hadithi yangu inakomea hapo ukingoni. Mwenye kiu nayo aichote.